Mpwa Aliyeitika

Akalla, Stockholm
Machi, 2010

Mdogo wangu Kabula,

Mwangaluka. Sijui utaifungua barua hii saa ngapi, lakini nimekuamkia ya asubuhi kwa sababu ndivyo ninavyokuona kila nikikuwaza: umeinama uani na ufagio kabla jua halijapanda, unawafokea kuku. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia uliitumia, au umempa jirani kama kawaida yako? Ng'ombe wamepata majani? Na Luhende, je, analala usiku? Hilo la mwisho naomba unijibu kwanza, hata kwa ujumbe wa simu, maana ndilo lililonikalisha niandike.

Sisi huku tu wazima wa mwili. Theluji bado ipo, imekuwa ngumu na nyeusi kando ya njia, na mimi natembea kama bibi kizee nisiteleze. Jilala amepata mafua yakaisha. Kazi ipo. Kwa hiyo usishtuke, si barua ya msiba wala ya ugonjwa. Lakini nakuomba uisome ukiwa peke yako, uisome mpaka mwisho, ndipo uinue simu kama bado utataka kunipigia.

Nitaeleza hata mambo unayoyajua kuliko mimi. Jilala ameomba aisome kabla sijaifunga, na Kiswahili anakisoma polepole, na ya kwetu mengi hayajui. Hayajui kwa sababu yangu.

Kwetu kiti cha mtemi hakiendi kwa mtoto wa mtemi. Kinakwenda kwa mpwa wake, mtoto wa dada, maana wazee walisema mtoto wa mkeo unaambiwa ni wako, lakini mtoto wa dada yako ametoka tumbo lile lile lililokutoa wewe. Serikali ilifuta utemi baada ya uhuru. Ikachukua baraza na kodi, ila mvua na ngoma haikuvichukua, na watu wa Bulugala hawakuacha kwenda ikulu, nyumbani kwa mtemi, kila msimu mbegu zao zibarikiwe. Kaka yetu Malando alikalia kiti hicho tangu mimi ni msichana wa chuo. Dada zake tuko wawili tu. Mimi nina Jilala, wewe una Luhende, na mimi ndiye mkubwa.

Sasa ile Jumapili Mzee Ngolo, msemaji wa wazee wa ikulu, alipopiga simu, wewe ulikuwa umekaa nyuma ya wazee. Nilisikia ukikohoa. Upande wenu uliusikia wote. Nataka nikueleze upande wetu.

Mzee Ngolo aliposema, "Mtemi ana homa," nilijua kaka amekufa, maana ndivyo inavyosemwa mpaka mrithi apatikane. Nilikaa chini. Jilala alikuwa ametoka kazini Jordbro, kwenye ghala wanapopanga mizigo ya maduka, na viatu vya kazi bado vilikuwa miguuni. Aliniuliza kwa Kiswidi kuna nini. Nikamwambia mjomba wako amefariki. Unakumbuka nilivyomleta likizo akiwa bado mtoto, na Malando akamchukua kila mahali, wakawa hawaelewani hata neno moja na wanacheka kutwa? Jilala alisogea akakaa karibu na simu, nami nikaiweka kwenye spika.

Ndipo Mzee Ngolo akasema, "Minza, tunamwita mwanao. Sisi hatuulizi baba yake ni nani wala ngozi yake ikoje. Ametoka kwenye tumbo letu. Akikubali, tutamsubiri. Asipokubali, tutamshika aliyepo."

Maneno hayo niliyatafsiri kama yalivyo, isipokuwa yale ya baba na ngozi. Hayo niliyaruka. Miaka yote nilikuwa nimemwambia Jilala kwamba mtoto wa Mswidi hawezi kufikiriwa, kwa sababu mimi mwenyewe niliamini hivyo, na niliona aibu kusikia kwamba wazee wasiosoma hawakuliona hata kuwa ni jambo. Nikamwambia tu kwamba wanamwita kwenye kiti cha mjomba wake.

Akapangusa viganja kwenye suruali. Kisha akasema kwa Kiswidi, "Säg att jag kommer."

Kabula, maana yake ni hii: waambie nakuja.

Hakusema atafikiria wala hakuuliza ataishije huko. Alisema waambie nakuja, na mimi nikainamia simu nikasema yale uliyoyasikia: "Anawashukuru sana kwa heshima mliyompa. Lakini anasema hataweza. Maisha yake yako huku."

Mliguna wote. Mzee Ngolo akasema, "Basi. Mwambie hatumkasirikii. Mlango wa mjomba wake hauna komeo." Jilala ananitazama, anasubiri tafsiri. Nikamwambia, "Wanasema wameshauriana tena hapo hapo. Wanataka aliyezaliwa nyumbani na anayejua lugha."

Akauliza, "Mjomba naye alisema hivyo?"

Nikamjibu, "Sijui."

Akasema sawa. Akainama akafungua kamba za viatu, akaenda chumbani kwake.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mwanangu hakukataa. Aliitwa na wazee, akaitika, na mimi mama yake nikasimama katikati nikawaongopea wao na nikamwongopea yeye.

Unajua kazi ninayofanya huku. Ni ya ukalimani. Wananiita zahanati, shuleni, kwenye ofisi za serikali, kwa ajili ya watu wetu wa Burundi, wa Kongo, wa kwetu, ambao Kiswidi hakijawakaa mdomoni. Nilikula kiapo. Mkalimani haongezi, hapunguzi, hachagui. Siku chache baada ya simu ile niliitwa zahanati moja ya Skärholmen. Alikuwepo mama mmoja Mrundi, mgonjwa sana, amekuja na kijana wake. Daktari alipokuwa anatafuta karatasi, kijana akaninong'oneza, "Mama, tafadhali, yale mabaya usimwambie yote."

Nikamjibu kama tunavyofundishwa, "Mimi hutafsiri kila kinachosemwa humu ndani. Hata hilo ulilosema sasa hivi natakiwa nilitafsiri."

Yule kijana akaniomba radhi. Aliniomba radhi mimi, Kabula. Nilimtafsiria mama yake ugonjwa wote mpaka mwisho, sauti yangu imetulia, na nilipotoka nikakaa kituoni treni zikapita bila mimi kupanda.

Nyumbani Jilala alibadilika. Zamani alikuwa akiingia anasema "shikamoo mama" kwa utani, akiinama hivi kama askari. Akaacha. Watu wetu walipokuja Jumapili, akina mama wa Kitanzania na yule jirani yetu wa Kongo anayechanganya Kiswahili na Kifaransa, aliwajibu wote kwa Kiswidi kisha akaondoka. Jirani akaniuliza, "Huyu fils wako ana chuki na sisi?" Nikasema mwanangu amechoka na kazi. Nilikuwa najua anachofikiri. Alifikiri ndugu zake wamemkataa kwa sababu ni chotara na hana lugha, na ya nini basi kuendelea kubembeleza mlango uliofungwa. Nilikuwa namwona anaishi na uchungu huo mezani kwangu, anakula ugali niliopika, na sikusema neno. Nilijiambia utapita, kijana bado mdogo, atapata chuo, atapata mchumba. Kabula, mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu.

Kisha zikaanza simu zako. Uliniambia Luhende ameshikwa mkono awe mtemi kwenye mazishi, mbele za watu, kama desturi. Ameacha kazi yake ya maabara kule hospitali ya Dodoma. Wiki nyingine ukaniambia Rehema mkewe hajaja, anasema yeye aliolewa na mtu, hakuolewa na kiti, na watoto wamebaki naye. Tena ukaniambia mvua za vuli zimekuja nusu na watu wameanza kumtazama. Na kila ukimaliza unasema lile lile: "Lakini dada, msijisikie vibaya. Jilala ni mtoto wa Ulaya, hatumlaumu." Nilikuwa naitikia, "Asante mdogo wangu." Nikishakata simu nasimama pale pale na simu mkononi. Ungenitukana ningeweza kulala.

Ulikuwa unanipa pole kwa kosa la mwanangu ambalo mwanangu hakulifanya, huku wako anabeba mzigo ambao wangu alikuwa ameshainama aubebe.

Sikuungama mwenyewe. Nakuambia ukweli, sikuwa nimepanga kuungama kamwe. Walionifichua ni watoto wetu.

Luhende alimtafuta Jilala mtandaoni. Alimwandikia kwa Kiingereza, kwa wema wake tu, kumwambia asiwe na mawazo, kwamba yeye hana kinyongo naye. Jilala aliyasoma hayo mchana wa Jumamosi. Mimi nilikuwa jikoni namenya viazi. Nikasikia wanaongea kwenye kompyuta chumbani kwake, Kiingereza, na mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikasikia anacheka. Nikafurahi, mjinga mimi. Nikaongeza viazi nikidhani leo atakula vizuri. Baadaye kicheko kikakatika. Nikamsikia anauliza kwa Kiingereza, "Nilikataa?", analirudia neno hilo.

Alikuja akasimama mlangoni mwa jikoni. Alizungumza Kiswahili, na alikitafuta neno kwa neno.

"Mama. Siku ile. Mimi nilisema nini?"

Nikamwambia kwa Kiswidi akae kwanza. Akatikisa kichwa.

"Kwa Kiswahili. Nilisema nini?"

"Ulisema unakuja."

"Na wewe ulisema nini kwenye simu?"

"Nilisema huwezi."

"Na wazee? Wao walisema mimi si wa kwao?"

"Hawakusema hivyo. Walisema umetoka kwenye tumbo lao. Walisema hawaulizi baba yako ni nani." Nikaona bora nimalize. "Na nilipowaambia umekataa, walisema hawakukasirikii, mlango wa mjomba wako hauna komeo."

Akauliza komeo ni nini. Nikamweleza. Hapo ndipo uso wake ulipovunjika. Yale mengine yote aliyapokea amesimama wima, lakini la mlango lilimshinda. Alikaa sakafuni akiegemea kabati, akalia kama alivyokuwa akilia akiwa mdogo, mdomo wazi bila sauti.

Nilimwambia niliogopa. Akauliza niliogopa nini. Nikamsimulia mwaka ule wa ukame, wewe ulikuwa umeshaolewa, watu walipouzunguka ukuta wa ikulu wakaimba kutwa nzima nyimbo za kumtukana Malando, naye amekaa ndani hajala, amewafungia watoto chumbani. Nikamwambia kiti kile kilimla mjomba wako na sikutaka kikule na wewe.

Akasikiliza yote. Akasema kwa Kiswidi, taratibu, "Hayo ulitakiwa uniambie mimi, halafu mimi ndiye niamue. Hukutakiwa kuniamulia."

Lakini wewe nikuambie lile ambalo yeye sikumwambia siku ile na ambalo atalisoma hapa. Hofu ya kiti ilikuwepo, ni kweli, ila haikuwa hiyo iliyofungua mdomo wangu. Aliposema waambie nakuja, niliona nyumba hii bila yeye. Niliona natoka kazini nafungua mlango na hakuna viatu vyake. Baba yake alishakwenda zamani, ana familia nyingine kaskazini. Nimekaa nchi hii nikifungua midomo ya watu wengine, na mtu wa kuongea naye yangu mwenyewe ni huyu mmoja. Kwa hiyo nilimfunga. Nikamtoa mwanao ili wangu abaki. Hivyo ndivyo nilivyofanya, ukiondoa mapambo yote.

Jumapili iliyofuata Luhende aliomba kuongea na sisi wote wawili. Aliponipata akasema, "Shikamoo, mama mkubwa." Nikashindwa kuitikia. Mtemi hamwamkii mtu shikamoo, anaamkiwa yeye. Nikamwambia hivyo. Akasema, "Leo nimekupigia kama mtoto wa Kabula. Itikia tu." Nikaitikia.

Nilianza kumwomba msamaha, akanikatisha kwa upole. Alisema amefikiri na hatawaambia wazee. Nikamwuliza kwa nini, mimi niko tayari, nitasema mbele ya Mzee Ngolo na baraza lote, wanihukumu watakavyo.

"Mama mkubwa, ukisema, hawatakuhukumu wewe," alisema. "Watu watasema aliyeitwa kwanza aliitika, kwa hiyo mimi nimekalia kiti cha mtu aliye hai. Mvua haijakaa vizuri. Wanatafuta sababu, nawe utawapa. Nusu watamtaka Jilala, nusu watabaki na mimi, na ikulu itagawanyika. Nilishanyolewa niwe mtemi. Mambo haya hayarudi nyuma."

Nilimgeukia Jilala nimtafsirie. Akanyanyua kidole kunizuia, akamgeukia Luhende wakayarudia yote kwa Kiingereza, wao wenyewe. Nikakaa pembeni nikisubiri kama mgeni. Walipomaliza Jilala akaniambia yeye amekubali. Jina la kukataa litabaki lake. Na mwezi wa sita, likizo ya kazini ikianza, atakuja. Haji kudai kitu. Anakuja kukaa na Luhende msimu wa mavuno, amsaidie kazi za nyumba ile, awe mtu wa karibu wa kuongea naye maana Rehema hayupo. Tiketi ameshaichukua.

Luhende akaniambia jambo moja tu la mwisho: "Mama yangu asiambiwe na mimi. Umwandikie wewe." Ndiyo maana umeshika karatasi hii. Naomba ibaki kati yetu wanne. Si kwa ajili ya heshima yangu. Ni kwa ajili ya shingo ya mwanao.

Kabula, sikuombi unisamehe kwa barua. Hata sijui mtu anaombaje kitu kama hicho. Umenipigia simu miezi yote hii kunifariji, na mimi nimezipokea faraja zako kama mtu anayekula chakula cha matanga ya mtu aliyemuua mwenyewe. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Ukitaka kunipigia unitukane, nitapokea hata nikiwa kazini.

Nataka tu ujue jinsi Jilala anavyokuja, ili umpokee unavyopaswa. Atakapofika, watu watamnyooshea kidole. Kila nyumba atakayoingia wataambiana huyu ndiye aliyekidharau kiti cha mjomba wake. Vikongwe watamwuliza usoni, unawajua. Juzi baada ya chakula aliniomba nimfundishe sentensi ya Kisukuma. Nikafurahi, nikadhani ni salamu. Akasema hapana, salamu Luhende atamfundisha. Alitaka ajue kusema: "Ni kweli, nilikataa mwenyewe."

Nikamwambia siwezi. Akasema, "Mama, wataniuliza. Nijibu nini?"

Basi nikamfundisha. Tulikaa mezani, mimi natangulia yeye anafuata. Matamshi yalimpa taabu, ulimi wake ni wa huku. Nikamsahihisha. Akarudia. Nikamsahihisha tena, mpaka ikatoka safi kabisa, kama imesemwa na mtu aliyezaliwa Bulugala. Akaniuliza kama watamwelewa. Nikamwambia watakuelewa. Akasema asante, akachukua sahani akaenda kuziosha.

Watu wakimsema, usimtetee. Amekataa kutetewa. Mpe chakula tu, na umtandikie karibu na mlango, amezoea hewa ya baridi.

Nisalimie Mzee Ngolo, mwambie tu nimemsalimia. Nisalimie mjane wa kaka, shemeji yetu, sikumlilia mumewe kama inavyostahili na yeye anajua. Wasalimie mabinti wa Malando, na mama mlezi wa kwaya, na yule jirani yako anayepewa dawa zangu. Rehema ukimpigia, mwambie mama mkubwa anasema hana kosa. Luhende usimpe salamu zangu kwa mdomo. Ukiingia kwake, piga goti mara mbili, moja iwe yangu.

Ni mimi niliyekutangulia katika tumbo lile lile,

Minza